Kisanduku A na Kisanduku B

Bweni la wasichana, chumba namba 17
4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya wiki iliyopita yameniachia sauti ya chura, na mwenzangu wa chumbani ananiomba niimbe kila asubuhi ili acheke vizuri kabla ya darasa. Huyu ndiye yule tunayemwita Redio, maana hazimiki. Baba ameniambia goti lake limepungua uvimbe, na kwamba wewe ndiye unayemlazimisha kutembea mpaka dukani na kurudi. Endelea kumlazimisha. Akiuliza, mimi sijasema kitu.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu, na naomba usome ukiwa umekaa. Nimeanguka somo la saketi za mantiki. Nimepata ishirini na nane kwa mia. Masomo mengine yote nimefaulu, ila utaratibu wa chuo hauangalii hayo: kuna mtihani wa marudio tarehe kumi na nne Julai, na anayeanguka mara ya pili anaondolewa chuoni. Baba hajui. Naomba kwa sasa ibaki hivyo.

Kinachonishinda ni sehemu moja, ile wanayoiita mashine za hali. Unapewa mchoro wa saketi usiyoijua. Ndani yake kuna flipflopu, yaani visanduku vidogo, na kila kimoja kinakumbuka kitu kimoja tu: sifuri au moja. Kuna saa inayopiga. Kila inapopiga, visanduku vinaweza kubadilika. Kazi yako ni kueleza saketi itapita katika hali zipi, moja baada ya nyingine, na mwisho useme imetengenezwa ifanye nini. Mwalimu wetu, ambaye darasa zima linamwita Bwana Haraka, huchora ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto. Mimi nikiutazama mchoro naona uzi uliochezewa na paka.

Wewe ulikaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha mitambo ya simu kabla mgongo haujakutoa kazini. Baba husema ulikuwa unasikiliza ukuta wa mashine na kusema ni ipi inayoumwa, ila sijui kama anatia chumvi. Nimekuwekea ndani ya bahasha mchoro mmoja, mdogo kuliko yote ya kitabuni. Nionyeshe pa kuanzia tu. Ningepiga simu, ila mchoro hausomeki kwa sauti, na wewe kwenye simu huvuki dakika mbili.

Mwanao wa bwenini


Nyumbani
19 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia Jumatatu, ikiwa na doa la mafuta kwenye kona ya chini. Usiandike huku unakula. Umetumia neno «ila» mara nne katika ukurasa mmoja na nusu. Ukirudi kulisoma utaona matatu hayakuwa na kazi. Mafua ya sauti hutibiwa kwa kunyamaza, jambo ambalo ninyi wawili chumbani humo mngefaidika nalo sawasawa.

Huku ni wazima. Mfereji wa paa upande wa jikoni umeshikizwa upya. Mshonaji wa nyumba ya pili amenunua cherehani ya umeme na sasa mtaa mzima unajua anapofanya kazi na anapopumzika. Baba yako anatembea. Analalamika, lakini anatembea. Sijamwambia chochote, ingawa sipendi kutunza siri ya mtu mwingine, na nitakukumbusha.

Ishirini na nane ni alama ya mtu aliyekisia. Kwa hiyo tuache kukisia. Mchoro wa saketi husomwa kwa utaratibu, kama sentensi ndefu: kwanza umtafute nani anatenda, kisha anamtenda nani.

Vipe visanduku majina. Viko viwili, cha kwanza kiwe A, cha pili kiwe B. Sasa shika waya unaoingia katika A, urudi nao nyuma kwa ncha ya penseli mpaka uone umetoka wapi. Katika mchoro wako unatoka kwa B, na njiani unapita kwenye geti linalogeuza sifuri kuwa moja, na moja kuwa sifuri. Kwa hiyo andika: A hufanya kinyume cha B. Shika waya wa B. Unatoka kwa A moja kwa moja. Andika: B humwiga A. Umemaliza nusu ya kazi, na hujachora chochote.

Nusu ya pili ni jedwali. Upande wa kushoto andika hali ya sasa, upande wa kulia hali ijayo. Visanduku viwili vina hali nne tu: sifuri na sifuri, sifuri na moja, moja na sifuri, moja na moja. Jaza mstari kwa mstari. Anza na A; ikishageuka, nenda kwa B ukaangalie A imekuwaje. Mambo hufuatana. Katika chumba chetu hakuna rilei, ile swichi inayovutwa na sumaku, iliyovuta kabla ya ile iliyoiamuru, na ndivyo nilivyotafuta simu zilizokwama: kwa sikio, tk ya kwanza, halafu tk ya pili.

Ukianza sifuri na sifuri, A inakuwa moja, na B, ikimwona A, inakuwa moja. Saa ikipiga tena, A inaona B ni moja, inakuwa sifuri, na B inafuata. Kwa hiyo saketi yako huruka kati ya hali mbili tu, kama taa inayowaka na kuzimika. Chora miduara miwili na mishale miwili, uandike jibu, uweke kalamu chini.

Nimekuandikia mazoezi sita nyuma ya karatasi hii. Uyafanye kwa wino, si kwa penseli, ili usiweze kujidanganya.

Shangazi yako


Bwenini
11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sauti imerudi, na Redio amehuzunika. Tumehamishiwa meza mpya chumbani, ya mbao ngumu, na droo yake inafunguka kwa kupigwa teke. Nimemwandikia baba kuhusu goti. Amenijibu kwa mistari mitatu, miwili kati yake ikiwa juu ya cherehani ya jirani yako.

Nimeyamaliza mazoezi yote sita kwa wino, halafu nikatafuta mengine ishirini kitabuni. Shangazi, sikujua kwamba ni rahisi hivi. Bwana Haraka alitufundisha kuanzia katikati; wewe umenifundisha kuanzia kwenye waya. Juzi Redio alinikuta nimelala juu ya daftari, kidole kimeshikilia geti. Akaniuliza, «Wewe unasoma au unapapasa?» Nikamwambia napapasa, ndivyo nilivyofundishwa.

Tarehe mbili Aprili tuna jaribio la darasani. Si la kuhesabiwa, ni la kutuonyesha tumefika wapi. Nitakuandikia matokeo siku hiyohiyo. Kwa mara ya kwanza siogopi.

Mwanao


Bwenini
22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko? Mfereji umestahimili mvua? Baba anasema ilinyesha siku tatu mfululizo, na kwamba mshonaji alihamishia cherehani barazani kwako. Mimi mzima. Redio amekata nywele zote na anaonekana kama kaka yake. Chakula cha bwenini ni kilekile.

Jaribio tulifanya. Nilipata nne kwa ishirini. Lilikuwa kosa langu, sikuwa makini, nadhani niliharakisha. Usijali. Muda bado upo.

Je, waridi zako zimechanua mwaka huu? Hujazitaja.

Mwanao


Nyumbani
6 Mei

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mfereji ni mzima, mimi ni mzima, na waridi nilizing'oa mwaka juzi mbele ya macho yako, wewe ndiye uliyeshika ndoo. Mtu anayeuliza habari za maua yaliyokwisha kung'olewa ana jambo analolizunguka.

Uliahidi kuandika siku hiyohiyo, ukaandika baada ya siku ishirini. Hukueleza swali lilikuwaje. Hukueleza ulikosea wapi. «Sikuwa makini» si maelezo, ni pazia. Nimeyaona majibu yako ya mazoezi sita, uliyonitumia mwezi uliopita bila barua, na mtu aliyeyaandika yale alikuwa makini mpaka kwenye nukta.

Sitaki habari za karatasi ya jaribio. Nataka karatasi yenyewe.

Shangazi yako


Bwenini
15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi ni hii hapa. Kona ya juu imekosekana kwa sababu ililowa maji, ikachanika. Hakukuwa na kitu cha maana pale.

Naomba sana usijisumbue nayo. Nimeomba kuingia kundi la kujisomea la wavulana wa mwaka wa tatu, Jumamosi mchana. Wanasema watanisaidia. Naomba pia usimwambie baba.

Mwanao


Bwenini
17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita na siku mbili juu yake, na sijapata hata mstari. Nilimwuliza baba kama unaumwa. Akasema hapana, uko salama, ila umekuwa ukifunga mlango wa sebuleni mchana na kutaka usibishiwe hodi. Nilimwuliza unafanya nini humo. Akasema, «Dada yangu sijawahi kumwuliza anafanya nini. Nilijaribu nikiwa na miaka saba.»

Kundi la Jumamosi limevunjika. Wale wavulana walikuwa wanataka kujifunza upigaji wa gitaa zaidi. Nimebaki na wiki nne. Nikifanya kwa njia yako, jibu halilingani na la kitabu. Nikifanya kwa njia ya kitabu, sielewi kwa nini ni sahihi, kwa hiyo swali likigeuzwa kidogo napotea. Juzi nimeanza kufikiria mtu aliyefukuzwa chuo cha ufundi anaweza kufanya kazi gani. Sikutaka kukuandikia hivi, ila Redio amesema nisipokuandikia ataandika yeye, na mwandiko wake hutaupenda.

Kama nimekukosea, naomba unisamehe.

Mwanao


Nyumbani
24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sote ni wazima. Hujanikosea. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujafanya jambo lolote, kisha uisome tena ukiwa na penseli.

Karatasi haichaniki kwa maji ikaacha ukingo ulionyooka. Ile kona ilikatwa kwa mkasi. Sijui mwalimu wako aliandika nini pale na sitakuuliza, lakini sehemu uliyoniachia ilitosha. Nilikaa nayo mezani. Safu ya A yote ina alama ya vema. Makosa yote yako katika safu ya B, na yako pale tu ambapo A imegeuka. Mtu aliyeharakisha hukosea huku na huku. Wewe ulikosea kwa nidhamu kamili, na kosa la namna hiyo mtu hafanyi mwenyewe, hufundishwa. Wewe ulilijua hilo tangu Aprili, ukaniuliza habari za waridi.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako.

Mgongo wangu haukuwahi kuniuma. Walipoleta mitambo mipya na kuiondoa ile ya rilei, tulipelekwa mafunzo ya wiki sita, watu kumi na tisa. Mimi nilikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa cheo. Nilikaa mbele. Mwishoni tulipewa mtihani, na mimi nilianguka. Wengine watatu walianguka pia. Walipewa nafasi ya marudio, wakarudia, wakafaulu, wakaendelea na kazi. Na mimi nilipewa nafasi ileile. Sikwenda. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikataja mgongo, na barua ilikuwa safi, haina kosa hata moja.

Baada ya kupata karatasi yako nilifungua sanduku la chini ya kitanda nikatoa daftari la mafunzo yale. Lina miaka kumi na minane. Sikuwa nimelifungua tangu siku niliyorudi nalo. Kalamu nyekundu ya mkufunzi iko palepale ilipo ya mwalimu wako: safu ya A vema, safu ya B makosa, kila A ilipogeuka. Miaka yote hiyo niliamini kwamba mitambo ile ilikuwa ya watu wenye akili ya namna nyingine. Sikumwuliza mtu hata mmoja nimekosea wapi. Kisha nikakaa mezani hapa mwezi wa pili nikakufundisha wewe kosa lilelile, tena kwa fahari.

Ndiyo maana nilinyamaza. Kwanza kwa aibu, wiki mbili. Baada ya hapo kwa kazi, kwa sababu sikutaka kukutumia kosa la pili.

Nililitatua hivi. Nilimkalisha baba yako kwenye kiti kimoja na mshonaji kwenye kingine, wakitazamana, kila mmoja ana kadi yenye sifuri upande mmoja na moja upande wa pili. Baba yako alikuwa A, afanye kinyume cha mshonaji. Mshonaji alikuwa B, amwige baba yako. Mimi nilikuwa saa, nina glasi na kijiko. Mara ya kwanza niliwaacha macho wazi. Nikagonga. Baba yako akageuza kadi, na mshonaji, aliyekuwa akimsubiri, akageuza yake kumfuata. Moja na moja. Nikagonga tena: sifuri na sifuri. Hali mbili, kama nilivyokufundisha.

Mara ya pili nikawaambia: tazameni, amueni, kisha fumbeni macho, na glasi ikilia mgeuze pamoja. Sifuri na sifuri. Nikagonga. Baba yako alikuwa ameona sifuri, akageuza ikawa moja. Mshonaji alikuwa ameona sifuri, akabaki sifuri. Wakafumbua: moja na sifuri. Mshonaji akasema, «Ah, kumbe alibadilika huyu, ningejua ningemfuata.» Nikamwambia, «Ndiyo, lakini hukujua.» Tukaendelea. Moja na moja. Kisha sifuri na moja. Kisha sifuri na sifuri. Hali nne, mwanangu, zinazunguka kama saa yenyewe. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Baba yako akaniuliza mchezo huu ni wa nini. Nikamwambia ni mazoezi ya goti.

Sentensi ya mshonaji ndiyo somo zima. Rilei ilimsubiri mwenzake. Ilisikia tk, ndipo ikavuta. Visanduku vyako havisubiriani. Vyote hutazama hali ya zamani, vyote huamua kwa hali ya zamani, na saa ikipiga vyote hugeuka kwa wakati mmoja. B haimjui A mpya. Itamjua pigo linalofuata.

Kwa hiyo katika jedwali, ukijaza upande wa kulia, usiutazame upande wa kulia. Weka rula juu ya ulichokwisha kuandika, ukifunike. Macho yako yawe kushoto tu, kwa A na kwa B pia. Mkono utakudanganya mwanzoni. Wangu bado unanidanganya. Rula haidanganyiki.

Nimekuandikia mazoezi mapya kumi na mawili. Majibu nimeyalinganisha na kitabu nilichoazima maktaba, ambako mtunza vitabu alidhani nimekosea rafu.

Jambo la mwisho. Mwambie baba yako kabla ya mtihani, mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi nilificha miaka kumi na minane na haikunisaidia kitu. Na kuhusu kazi za mtu aliyefukuzwa chuo, swali hilo liweke kando mpaka mtu akufukuze.

Shangazi yako


Bwenini
16 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara nne, mara ya kwanza chooni, maana chumbani Redio alikuwa anachungulia begani. Kuhusu mgongo sitasema kitu. Nilitaka tu ujue kwamba nimeisoma sehemu hiyo polepole.

Baba nilimwambia, kwa simu, Jumapili moja kabla ya mtihani. Akasema, «Nilishajiuliza ni goti gani linalotaka mtu afumbe macho.» Hakunigombeza. Aliniuliza nina rula nzuri.

Mtihani ulikuwa juzi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa karakana ya zamani. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Msimamizi alikuwa Bwana Haraka mwenyewe. Maswali manne, na la mwisho, lenye alama arobaini, lilikuwa hivi. Nakuandikia kwa maneno na mchoro uko nyuma.

Kuna kitufe, visanduku viwili, na taa. Saa ikipiga, A itakuwa moja ikiwa kitufe kimebonyezwa na B ni moja. Vinginevyo itakuwa sifuri. B itakuwa moja ikiwa kitufe kimebonyezwa na A ni sifuri. Vinginevyo itakuwa sifuri. Taa huwaka pale tu A ikiwa moja na B ikiwa sifuri. Tunaanza sifuri na sifuri. Mtu akibonyeza kitufe bila kukiachia, taa itawaka baada ya mapigo mangapi ya saa? Na saketi hii imetengenezwa kwa kazi gani?

Nilifunika kwa rula. Kwenye mstari wa pili nilisikia kabisa kichwani mwangu ile tk yako ikiniita nimfuate A. Nikakaza macho kushoto. Bwana Haraka alipita, akasimama nyuma yangu, akaitazama rula, akaondoka. Sijui ilikuwa dalili nzuri au mbaya. Nilitoka wa mwisho.

Jibu nililoandika liko kwenye bahasha ndogo niliyoigundisha. Sijamwonyesha mtu yeyote, na wenzangu nimewakataza wasiniambie yao, kwa sababu nikisikia jibu tofauti sitalala. Matokeo yanabandikwa baada ya wiki mbili. Naomba lifanye wewe kwanza, ndipo ufungue. Kama hatujalingana, niandikie upesi, nianze kufunga mizigo taratibu.

Mwanao


Nyumbani
30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Ninaandika saa kumi na nusu jioni, chai ikiwa bado mezani, kwa sababu nataka ujue mambo kwa mpangilio yalivyotokea.

Barua yako ilikawia njiani siku tisa. Swali nilianza Jumamosi. Nilipata mapigo mawili. Nililitazama jibu hilo likanipendeza, na kwa kuwa lilinipendeza upesi mno nikalishuku. Nikaenda kufua. Jumapili nilikagua na nikakuta mstari wa pili nimemfuata A, kama siku zote. Nikachana karatasi, nikaacha.

Leo nilianza upya. Nilikuwa nimejaza mistari ya kitufe kilichoachiwa, ambayo ni rahisi, maana yote hurudi sifuri na sifuri, na nilikuwa naanza ile ya kitufe kilichobonyezwa, baba yako alipobisha hodi. Alikuwa amekuja haraka, bila fimbo, na anahema. Akasema, «Dada, yamebandikwa. Amenipigia.»

Nikamwambia, «Kaa.»

«Dada, nina habari.»

«Ninazo kazi. Chai iko jikoni. Usiseme neno.»

Alikaa. Unamjua, kunyamaza kwake kuna kelele. Alikohoa, akajikuna goti, akakoroga kikombe kisicho na sukari. Mimi niliweka rula.

Sifuri na sifuri, kitufe kimebonyezwa. A inamtazama B: sifuri, kwa hiyo inabaki sifuri. B inamtazama A: sifuri, kwa hiyo inakuwa moja. Sifuri na moja. Taa haijawaka.

Mstari wa pili. A inaona B ni moja, inakuwa moja. Hapo ndipo mkono wangu ulipotaka kwenda kulia. Niliubana kwa mkono wa pili, kaka yangu akaniangalia. B inamtazama A wa zamani, ambaye ni sifuri. Inabaki moja. Moja na moja. Taa haijawaka.

Mstari wa tatu. A inaona moja, inabaki moja. B sasa inamwona A ni moja, inakuwa sifuri. Moja na sifuri. Taa imewaka.

Mapigo matatu. Na ukiachia kabla ya hapo, kila kitu hurudi mwanzo. Kwa hiyo ni saketi isiyomjali mtu aliyekigusa kitufe kwa kupita, humwashia yule tu aliyekishikilia mapigo matatu mfululizo. Niliandika jibu hilo kwa wino, nikatia tarehe.

Kisha nikafungua bahasha yako. «Matatu,» umeandika. «Inapuuza mguso wa bahati mbaya.» Chini umeandika pia «nadhani», ambalo ni neno la kufutwa. Niliweka karatasi zetu mbili sambamba na kuzipitia mstari kwa mstari, kushoto na kulia, mpaka chini.

Baba yako akasema, «Sasa naruhusiwa?»

Nikamwambia, «Sema.»

Akasema, «Amefaulu.»

Nikamwambia najua.

Shangazi yako